Magobore na Bunduki za Kisasa Katika Uwanja wa Bisley

Treni ya Brookwood huondoka kituo cha Waterloo, London, na baada ya kama dakika 40 inakushusha katikati ya misonobari ya Surrey. Kituo kikubwa kabla ya hapo ni Woking, mji wenye Msikiti wa Shah Jahan wa mwaka 1889, msikiti wa kwanza nchini Uingereza kujengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Brookwood penyewe hapana mengi. Kusini mwa reli ni makaburi makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1854, London ilipoishiwa ardhi ya kuzikia. Sultan Said bin Taimur wa Oman alizikwa hapo mwaka 1972 kabla ya mwili wake kuhamishiwa Muscat. Kaskazini, kwa mwendo wa miguu usiochosha, ni Bisley.

Walenga shabaha wa Uingereza wana chama chao cha taifa tangu mwaka 1859, na kwa muda wa miaka 30 walikuwa wakikutana Wimbledon. Mkutano wa kwanza ulifunguliwa na Malkia Victoria mwenyewe, tarehe 2 Julai 1860. Bunduki ya Whitworth ilifungwa imara juu ya mtambo, malkia akavuta kamba, na risasi ikaipata shabaha iliyokuwa yadi 400 mbele yake, kama inchi moja na robo tu kutoka katikati. Bunduki ile ilijazwa kwa mdomoni, ikashindiliwa kwa mdeki. Kwa Kiswahili cha kwetu, lilikuwa gobore. Mwaka 1890 chama kikahamia Bisley, na hapo ndipo kilipo hadi leo.

Niliyemfuata huko ni dada mmoja mzaliwa wa Muheza, fundi mitambo aliyehamia Uingereza akiwa kijana, ambaye siku zake za mapumziko anazimaliza kwenye bunduki za kushindilia. Klabu yao ilikuwa na mechi ya kirafiki na klabu jirani: wanne wa bunduki za zamani, wanne wa bunduki za kisasa, shabaha zilezile, umbali uleule, na hakuna upande wa kuongezewa pointi. "Njoo ushuhudie, kaka," aliniambia kwenye simu. "Nyumbani ukitaja gobore watu wanacheka. Huku hawacheki."

Mimi nimekulia Songea. Kila mwezi wa Februari mji wetu unawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na tangu utotoni nimesikia maelezo yaleyale ya kushindwa kwao: babu zetu walikuwa na mikuki na magobore, Wajerumani walikuwa na bunduki. Katika maelezo hayo gobore halihesabiwi kuwa bunduki. Ni chuma kinachojazwa kwa mbele kwa sababu waliokuwa nacho hawakujua njia nyingine. Nilitaka kuona kwa macho yangu ni kitu gani hasa kilichokosekana katika silaha ile.

Nilifika asubuhi, ukungu bado umelala. Kambi ya Bisley ni nyumba za mbao zenye baraza pana, zimetawanyika chini ya miti, na kila klabu ina yake. Uwanja tuliopangiwa unaitwa Century: nyasi tupu zinazokwenda hadi kwenye tuta refu la udongo, na mbele ya tuta hilo shabaha zaidi ya 100 zimepangwa safu moja. Unaweza kupigia kuanzia yadi 100 hadi yadi 600. Bendera nyekundu zilikuwa zimeshapandishwa, maana yake uwanja uko kazini na mtu haendi mbele kwa sababu yoyote bila ruhusa ya msimamizi. Mwenyeji wangu alinikabidhi vizibo vya masikio na miwani kabla hata ya kunisalimia vizuri. "Usivuke mstari ule mweupe, kaka, hata ukiona nimedondosha pesa."

Bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya maturubai, midomo ikielekea kwenye tuta. Za kisasa zilifanana zote nne: za milimita 7.62, risasi moja kwa mpigo, mitutu minene, matundu madogo ya kulengea yenye skrubu za kurekebisha kwa kipimo kidogo sana. Hazikuwa na darubini. Za zamani hazikufanana. Mbili zilikuwa za muundo wa Enfield wa mwaka 1853, zenye mtutu wa karibu milimita 15. Moja ilikuwa Whitworth ya kweli, ya karne ya 19, mali ya mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye wenzake wote walimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Ya nne ilikuwa ya mwenyeji wangu: imetengenezwa miaka ya karibuni kwa kufuata bunduki za shabaha za John Rigby wa Dublin, mtutu wake milimita 11 na nusu hivi, kitako cha mjozi kilichong'aa kwa mafuta.

Pembeni ililala ya tano, isiyokuwa ya mashindano. Hii ilikuwa ya gumegume, ya aina ambayo askari wa Uingereza walibeba tangu karne ya 18, mtutu mpana wa milimita 19 na ndani laini kabisa. Mwenyeji wangu aliigusa kwa kiganja. "Hii ndiyo nduguye gobore letu. Leo Mwalimu ameileta kwa ajili yako."

Mwalimu alilala mstari wa yadi 100 akaipiga mara kumi. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaruka, baruti ya nje ikawaka fuu, kisha ndiyo mshindo ukaja. Kwenye darubini ya kutazamia niliona matokeo: risasi nne zilipotea zisionekane, sita zilikuwa kwenye ubao, moja juu kona ya kushoto, moja chini karibu na fremu, nyingine popote. Akachukua Enfield, akapiga kumi nyingine. Zote kumi zilikaa mahali ambapo ningeweza kuzifunika kwa viganja viwili.

Mtu yuleyule, baruti ileile, umbali uleule. Na zote mbili zimejazwa kwa mbele.

Mwalimu alinieleza sababu akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, na sijawahi kuelezwa jambo kwa uwazi kama ule. Risasi ya bunduki laini ni tufe dogo kuliko mtutu wake, kwa milimita moja na zaidi, maana baada ya mipigo michache masizi hujaa ndani na tufe linalobana lisingeshuka tena. Nafasi hiyo ndiyo ubaya wote. Baruti ikilipuka, tufe linagonga ukuta huu na ukuta ule likitoka, na upande lililougusa mwisho ndio unaoamua litaelekea wapi. Enfield ina michirizi mitatu ndani, inayojipinda taratibu kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Risasi yake ni ndefu na nyuma yake pana uwazi. Inashuka bila kubana, lakini mlipuko ukiisukuma, kitako chake kinatanuka, kinaikamata michirizi, na risasi inatoka ikizunguka kwenye mhimili wake. Huo mzunguko ndio unaoinyoosha njia. Uvumbuzi wa risasi ya kutanuka unatajwa kwa jina la ofisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, mwaka 1849. Whitworth wa Manchester yeye aliacha michirizi akauchonga mtutu wote kwa pembe sita, umejisokota.

Nilimsikiliza, lakini mawazo yangu yalikuwa Brussels. Tarehe 2 Julai 1890, miaka 30 kamili tangu malkia avute kamba Wimbledon, mataifa makubwa yalitia saini mkataba ambao lengo lake lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa Afrika. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, bahari hadi bahari, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki zenye michirizi, zinazojazwa kwa nyuma, na zenye kubeba risasi nyingi, isipokuwa kwa serikali zenyewe na wachache waliopewa kibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa Waafrika, nacho kwa masharti, ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Viwanda vya Birmingham na Liège vilizitengeneza kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika.

Kwa hiyo waliokaa mezani walijua vizuri ni michirizi ile inayotenganisha silaha na silaha. Waliitaja kwa jina. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliipata kwa njia iliyobaki wazi, kwa kuiteka: pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wake walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski na kuchukua bunduki zake karibu 300. Lakini sehemu nyingine nyingi za nchi ziliingia vita vya Majimaji na mitutu laini iliyoachwa ipite. Kuanzia asubuhi ile sitakubali tena mtu aniambie kwamba babu zetu walishindwa kwa sababu bunduki zao zilijazwa kwa mbele. Mwalimu na Enfield ile walikuwa wameshanionyesha kuwa si kweli.

Mechi ilianza yadi 300. Kila mpigaji alikuwa na risasi mbili za kujaribia na kumi za kuhesabiwa, katikati ya shabaha pointi 5, hivyo jumla kubwa kabisa ni 50. Upole pekee waliofanyiwa watu wa magobore ulikuwa wa muda. Wa kisasa alilala, akafunga mkanda wa bunduki kwenye mkono, akasukuma risasi, akapiga, akafungua, ganda likaruka kwenye nyasi. Dakika chache tu akawa amemaliza, uso umetulia kama mtu aliyekuwa anasoma. Wa zamani walipewa karibu saa nzima, na waliihitaji.

Nilikaa nyuma ya mwenyeji wangu nimtazame akishindilia, na hapo ndipo siku ile ilipokuwa tamu kwangu. Kwanza alipitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu, kikatoka cheusi ti. Akapitisha cha pili kikavu. Baruti yake hakuimimina kutoka kwenye chombo kikubwa. Ilikuwa kwenye vichupa vyembamba, kila kimoja baruti ya mpigo mmoja, gramu 5 na kitu, iliyopimwa nyumbani usiku kwa mizani. Ni sheria ya usalama: kama kuna cheche imejificha ndani ya mtutu, iwake hiyo kidogo tu na si akiba nzima mkononi. Aliingiza bomba refu la shaba hadi chini kabisa, akaimimina baruti polepole ili ishuke sawasawa na isishike kwenye kuta. Akagonga kitako mara mbili kwa ubavu wa kiatu. Akaweka kipande cha karatasi ngumu cha mviringo. Kisha risasi: gramu 34 za risasi tupu, ndefu kama kifundo cha kidole, imepakwa nta na mafuta. Aliisukuma kwa mdeki kwa mwendo mmoja usiobadilika. Hakuipiga, hakuidunda. "Ukiidunda unaivunja baruti na unaiharibu risasi pua," alisema. Mdeki wake ulikuwa na alama ya kucha. Alama ilipofika usawa wa mdomo wa mtutu alijua risasi imekaa juu ya baruti, haikuacha nafasi katikati. Nafasi hiyo ndiyo inayopasua mitutu.

Fataki aliiweka mwisho, akiwa ameshalala, mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea shabaha. Akavuta pumzi. Nyundo ikashuka.

Mshindo wa baruti nyeusi hauumizi sikio kama wa bunduki ya kisasa. Unaingia kifuani. Moshi ulitoka mweupe, mzito, ukasimama mbele yake asione kitu, ukanuka yai bovu, maana baruti hii bado ni ileile ya kale: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Upepo mdogo wa kutoka kushoto uliuburuta moshi wake hadi kwa jirani yake, naye akalazimika kungoja. Vita vilibadilika kwa sababu ya moshi huu. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na tangu hapo mwenye baruti nyeusi alijitangaza kila anapopiga. Novemba 1914, kwenye mapigano ya Tanga, askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zenye moshi, na moshi huo ulionyesha mahali walipo. Walishinda hata hivyo, ila kila aliyebeba bunduki ile alijua hatari yake.

Manyunyu yalianza katikati ya zamu. Nilidhani mambo yameharibika, lakini Mwalimu alifurahi. Hewa yenye unyevu hulainisha masizi, kitambaa kimoja kinatosha. Jua kali la kiangazi ndilo linaloyakausha yakawa magumu, hadi risasi ikwame nusu ya njia. Nikawafikiria wawindaji wa kwetu mwezi wa Septemba, nyasi zimekauka hadi zinalia, na wengine wao wana mdeki wa mti tu.

Yadi 300 iliisha timu ya kisasa ikiwa na pointi 198 kati ya 200. Magobore walikuwa na 177. Mwenyeji wangu alipata 47, akaikunja karatasi yake bila kusema neno.

Wakati wa chai nilikaa meza moja na Mwalimu na kapteni wa timu ya kisasa, daktari wa meno mwenye mikono mikubwa. Kapteni alisema bunduki yake ya mashindano mengine inatumia risasi iitwayo 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007. Mwalimu akaweka kikombe chini. "Unajua Creedmoor ni nini?" Kapteni alijua ni uwanja fulani wa zamani Marekani, basi. Kilichofuata kilituweka mezani hadi chai ikapoa.

Mwaka 1873 Waayalandi walishinda Ngao ya Elcho, taji la kulenga kwa mbali, wakawashinda Waingereza na Waskoti. Wakajiona, kwa haki, kuwa mabingwa. Nahodha wao, Arthur Leech, akatoa mwito wa mashindano kwa Wamarekani kupitia gazeti la New York Herald. Mwito ulipokelewa na klabu changa ya New York ambayo wanachama wake walikuwa hawajazoea hata umbali huo. Kampuni za Remington na Sharps zikawatengenezea bunduki maalumu za kujaza kwa nyuma. Waayalandi wakaja na bunduki za kushindilia za Rigby, na John Rigby mwenyewe alikuwa mmoja wa wapigaji. Walikutana uwanja wa Creedmoor, kisiwa cha Long Island, tarehe 26 Septemba 1874: watu sita kila upande, risasi 15 kwa kila mtu katika yadi 800, tena 900, tena 1,000, mbele ya umati wa maelfu. Swali lililokuwa vinywani mwa watu ndilo hili letu la Bisley. La mbele au la nyuma?

Wakati Waayalandi wanamaliza, pengo lilikuwa dogo kiasi kwamba matokeo yote yalibaki kwa mtu wa mwisho wa Marekani, Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla, chupa ya soda ya tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi. Alifunga leso kwenye kidonda, akalala, akapiga yadi 1,000 huku damu ikitoka, akapata. Marekani 934, Ayalandi 931.

"Sasa sikiliza," Mwalimu alisema, akinielekea mimi. Mpigaji mmoja wa Ayalandi, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha, lakini shabaha yenyewe ilikuwa ya jirani. Hakupewa kitu. Katikati siku zile ilikuwa pointi 4. Nilijumlisha mwenyewe pale mezani: 931 na 4 ni 935. Magobore yangeshinda kwa pointi moja.

Kapteni alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba miaka yote amekuwa akiitumia risasi ile bila kujua jina lake linatoka kwenye mechi kama ya leo. Niliupenda mshangao wake, kwa kuwa hakujaribu kuuficha.

Zamu ya yadi 600 niliomba nikae kwenye handaki la shabaha, na msimamizi akanikubalia. Handaki liko mbele ya tuta, chini ya usawa wa ardhi, lina ukuta mnene wa zege upande wa wapigaji. Shabaha zinapanda na kushuka kwenye fremu za chuma zenye uzani. Risasi ikipita unavuta shabaha chini, unatafuta tundu, unaziba tundu la zamani kwa karatasi ya gundi, unaweka kidude cha rangi kwenye tundu jipya ili mpigaji akione kwa darubini, unaipandisha tena na kuonyesha pointi. Nilipewa shabaha ya mwenyeji wangu pamoja na kijana wa klabu, na ya jirani yetu ilikuwa ya mmoja wa timu ya kisasa.

Hapo chini, bila kuona bunduki hata moja, ungeweza kuzitofautisha. Risasi ya kisasa inafika ikiwa bado inakwenda kasi kuliko sauti. Juu ya kichwa unasikia mpasuko mkali, *ta!*, shabaha inatikisika, na kama sekunde moja baadaye ndipo mshindo wa bunduki yenyewe unapowasili kutoka mbali, mnyonge. Tundu lake dogo, safi, unalitafuta kwa kidole. Risasi ya gobore inaondoka ikiishinda sauti kidogo, halafu hewa inaipunguza mwendo hadi sauti inaikuta njiani. Inachukua zaidi ya sekunde moja na nusu kuvuka yadi 600. Haipasui hewa. Mlio wa bunduki na risasi vinafika karibu pamoja, mlindimo, kisha *pap* kwenye karatasi, na tundu ambalo kidole kinaingia.

Nilivuta, nikaziba, nikapandisha. Risasi yake ya kwanza ya kujaribia ilikwenda kulia sana, upepo umeibeba. Ya pili ikarudi. Kisha tano, tano, nne. Kila mpigo ulitenganishwa na mwingine kwa kimya kirefu, na katika kimya hicho nilijua yuko kule anapitisha kitambaa, anamimina, anasukuma mdeki hadi alama ya kucha. Tano. Tano. Kijana aliyekuwa nami, ambaye yeye mwenyewe hupiga bunduki ya kisasa, alianza kulitafuta tundu kabla shabaha haijashuka vizuri. Upepo uliongezeka; niliona kivuli cha bendera kikicheza juu ya nyasi za tuta. Jirani yetu wa kisasa akapata tatu, halafu nne, halafu nne tena, kwa maana alikuwa anapiga harakaharaka na upepo ulikuwa umembadilikia katikati. Mwenyeji wangu alingoja. Kimya kilirefuka hadi kijana akadhani fataki zimelowa. Kisha mlindimo. Tano.

Sitaki kusema kwamba gobore lilishinda, maana halikushinda. Enfield zote mbili zilihangaika sana kwa umbali ule, moja ikapata 29. Jumla ya siku ilikuwa 390 kwa bunduki za kisasa na 333 kwa magobore. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatokana na kasi ya risasi, usafi wa baruti na miaka zaidi ya 150 ya ufundi. Lakini mwenyeji wangu alipata 47 yadi 600, na jirani yake mwenye bunduki ya kisasa alipata 45. Hakuna aliyeitaja kuwa bahati. Kapteni alikwenda moja kwa moja kwenye turubai lake akaomba kuishika ile bunduki, akaipima uzito, akauliza maswali ya mtu anayetaka jibu: michirizi inajipinda kwa kiasi gani, nta ni ya nini, anaujuaje upepo akiwa ndani ya moshi.

Kabla ya kuondoka, magobore yalioshwa. Masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma kwa siku moja tu, na dawa yake ni maji ya moto. Birika lilichemshwa kwenye baraza, mitutu ikamiminiwa, maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe, na chuma kikajikausha chenyewe kwa joto. Mafuta yalifuata. Nilishika mdeki na kusaidia, na timu ya kisasa, ambao walikuwa wamemaliza kazi yao zamani, walibaki kushika birika.

Hapo ndipo marudiano yalipopangwa. Kapteni alitaka yawe uwanja wa Stickledown, ule mrefu wa Bisley unaofika hadi yadi 1,200, na umbali uwe wa Creedmoor: 800, 900 na 1,000, risasi 15 kila umbali. Mwalimu alikubali papo hapo, kwa sharti kwamba Enfield zibaki nyumbani na watafute wawili wengine wenye bunduki za mbali. Mwenyeji wangu alikuwa bado anapitisha kitambaa cha mafuta.

"Yadi 1,000 nitahitaji tundu la nyuma refu zaidi, na baruti niongeze," aliniambia kwa Kiswahili, wenzake wakitutazama. "Na wewe kaka ujifunze kusoma bendera. Handakini tunao watu wa kutosha. Nataka wa kunisomea upepo."